Kazi ya Miti Nayo Ina Shule Yake



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia za kazi, viatu, vumbi la mawe na maji ya kunywa. Leo nataka tuzungumze juu ya miti. Msicheke. Mganga msaidizi anapoandika juu ya miti, fahamuni kwamba miti imemletea mgonjwa.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa Septemba, mvua ikiwa bado kukaza, tawi moja nene la grevilea lililala juu ya bati la dispensari. Kila upepo ulipotoka ziwani lilikwaruza bati usiku kucha, na wagonjwa hawakulala. Nilikwenda njiani, nikamwona kijana mwenye panga, mmoja wa wale wanaozunguka mjini Goma wakitafuta vibarua. Nilimwuliza, "Unaweza?" Akajibu, "Muganga, mimi nimezaliwa juu ya miti." Tukapatana bei. Sikumtuma mtu mwingine kupatana naye, nilipatana naye mimi mwenyewe, na kama kuna lawama katika habari hii basi ianzie kwangu.

Alipanda pekupeku, bila kamba. Akasimama juu ya tawi la chini, akaanza kulikata lile la juu kwa upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini, kama tufanyavyo sisi sote tusiofundishwa. Tawi lilipofika nusu halikukatika. Lilipasuka, likaning'inia kwa ganda lake, likazunguka kama mlango unaosukumwa na upepo, likampiga kifuani. Ninyi mnajua ardhi ya Goma. Kwingine mtu akianguka huangukia udongo, lakini sisi tunaangukia jiwe la volkano.

Kabla sijatoka mlangoni, watu wema wanne walikuwa wamekwisha kumnyanyua, wawili mikono na wawili miguu, kichwa kikining'inia. Walitaka kumsaidia. Huenda mgongo wake ulikuwa umevunjika tayari alipoanguka, au huenda ulimalizwa na kubebwa kule. Sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba miguu yake haikusimama tena.

Na jambo jingine la kuniuma: hakuwa na kadi ya kampuni. Kwa hiyo jina lake halikuingia katika daftari la ajali, na ubao wa getini, ule unaohesabu siku tulizokaa bila ajali, uliendelea kuhesabu siku ileile kana kwamba hakuna kitu.

Je, ndugu msomaji, ungekubali kuingia shimoni nyuma ya mtu aliyeokotwa njiani asubuhi ile? Mtu asiyejua dalili za paa linalotaka kuanguka, asiye na taa, asiye na mwenzake? Ungekataa, na kapita wako angekutetea. Lakini mtu huyohuyo tunamtuma mita 8 juu ya ardhi, tunampa chuma chenye makali mkononi, na watoto wetu wanasimama chini kutazama. Kwa nini? Kwa sababu tunadhani mti ni kitu cha kila mtu. Kila mtoto amepanda mti wa avoka, basi tunaona kila mtu anaijua kazi ya miti.

Mimi kabla ya kuruhusiwa kushona kidonda cha mtu nilikaa shuleni, nikashona kitambaa, nikashona ngozi ya mbuzi, nikasimama nyuma ya mkubwa wangu miezi mingi nikishika mkasi tu. Kazi ya kutunza miti mikubwa ni ya namna hiyohiyo. Ina shule yake, ina vitabu vyake, ina makosa yake yanayojulikana. Na mahali pazuri pa kuifundishia ni bustani ya umma, yaani bustani ya miti ambayo watu wote huruhusiwa kuingia na kutembea.

Hapa nitasimama kidogo, maana najua wengine watasema: tunao wakata mbao, tunao watu waliosoma misitu. Nawaheshimu sana. Mkata mbao wa Masisi anajua kuangusha kalitusi mahali anapotaka, hata juu ya kigingi ulichokiweka wewe. Lakini ufundi wake ni kuuangusha mti, na shule ya misitu hufundisha zaidi kuotesha, kuhesabu na kuvuna. Sisi kambini tunataka kitu kingine: mti ubaki umesimama, uishi miaka mingi, na watu wapite chini yake bila hofu. Mti wa bustani ya umma uko katika hali hiyohiyo. Hauuzwi. Umezeeka, una matawi mazito, na chini yake kuna mama amekaa na mtoto. Ndiyo maana watunzaji wa bustani hizo walilazimika kujifunza mambo ambayo mkata mbao hayahitaji.

Katika nchi yetu bustani ya namna hiyo ipo. Iko Kisantu, katika Kongo-Kati, kiasi cha kilomita 120 kusini mwa Kinshasa. Ilianzishwa na Bruda Justin Gillet, Mjezuiti, mwishoni mwa karne ya 19, naye akaitumikia mpaka uzeeni. Alikusanya miti ya huku na ya ng'ambo, ya matunda, ya dawa na ya kivuli. Baadaye bustani ilipata miaka ya taabu kama mambo mengi ya nchi hii. Kuanzia mwaka 2004 ilianza kufufuliwa kwa msaada wa bustani ya mimea ya taifa ya Ubelgiji, ile ya Meise. Nyingine iko Eala, karibu na Mbandaka, ya mwaka 1900. Na kwa majirani zetu ipo ya Entebbe, Uganda, kando ya ziwa, ya mwaka 1898, na ile ya miti ya Nairobi ya mwaka 1907, iliyoanzishwa ili kujaribu miti ya haraka itakayotoa kuni za kuendeshea garimoshi. Basi hatuwezi kusema kwamba Afrika yetu haina mahali penye miti mizee ya kujifunzia.

Mafunzo yenyewe ni nini? Nitaeleza machache, maana mengine hata mimi niliyaona ajabu.

La kwanza ni kidonda. Sisi waganga tunasema kidonda kinapona, yaani nyama iliyokufa inaondoka na nyama mpya inakuja mahali pake. Mti hauponi hivyo. Mmarekani mmoja, Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya nchi yake, alipasua miti mingi sana kwa msumeno wa mota ili aone ndani, na mwaka 1977 yeye na mwenzake walichapisha maelezo yao. Mwaka ule wazee wa hapa wanaukumbuka kwa jambo jingine, Nyiragongo ilipopasuka tarehe 10 Januari. Shigo alionyesha kwamba mti uliojeruhiwa hujenga kuta kuzunguka ile sehemu mbovu, ukaifungia ndani, kisha ukaota mti mpya juu yake. Ubovu haufutiki, unafungiwa tu. Ni kama sisi tunavyoliziba shimo lenye hewa mbaya badala ya kulisafisha.

Ukilifahamu hilo, mambo mengi hubadilika. Pale tawi linapotokea katika shina kuna uvimbe mdogo, kama kola ya shati. Humo ndimo mti unamojengea ukuta wake. Ukilikata tawi sawasawa na shina ili lipendeze macho, umeikata na kola, umeubomolea mti ukuta. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza na kuupeleka ubovu ndani. Fundi hukata nje kidogo ya kola, hapo tu. Na wale wanaopaka rangi au lami juu ya kidonda cha mti, nawaambia wapunguze gharama: rangi haizuii kuoza. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka mama wanaopaka majivu juu ya kitovu cha mtoto. Nia ni njema, dawa siyo.

La pili ni jinsi ya kulikata tawi zito lisipasuke. Fundi hukata mara tatu. Kwanza kutoka chini, mbali kidogo na shina, aingie theluthi moja ya unene. Kisha kutoka juu, mbele kidogo ya pale alipokata kwanza, mpaka tawi lianguke. Likipasuka, mpasuko unafika kwenye ule mkato wa chini na kuishia hapo. Mwisho huondoa kisiki kilichobaki, kwa utulivu, kwa kuwa uzito umekwisha kuondoka. Tawi likiwa juu ya nyumba hulifunga kwa kamba kwanza na kulishusha polepole. Yule kijana wangu angejua mkato wa chini peke yake, leo angekuwa anatembea. Jambo la dakika mbili!

La tatu ni kukata kichwa cha mti. Mnapenda sana jambo hili hapa Goma. Mti ukizidi nyumba, mnaukata kichwa, unabaki nguzo. Baada ya miaka michache vinatoka vichipukizi vingi, virefu, vinene, mnasema mti umepona. Lakini vichipukizi vile vimeshikamana na ganda la juu tu, na chini yake pameoza. Ndivyo vinavyoanguka usiku wa dhoruba. (Mkulima anayepunguza grevilea zake shambani kila mara, tangu zingali changa, ili apate kuni, huyo simsemi. Mti wake umezoea, na hakuna anayelala chini yake.)

La nne ni mizizi, na hapa nawaomba madereva wasikilize. Katika bustani ya Kew, London, kuna mwaloni uliopandwa mwaka 1798, unaoitwa mwaloni wa Turner. Kufikia mwaka 1987 ulikuwa unadhoofika. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba mwaka huo dhoruba kubwa iliipiga Uingereza, na bustani ile ilipoteza miti kiasi cha 700. Mwaloni ule upepo uliunyanyua pamoja na mizizi yake, kisha ukauketisha tena mahali pake. Watunzaji waliuwekea magogo ya kuutegemeza wakaendelea na kazi ya mingine, wakijua kwamba huu nao utakufa. Baada ya miaka 3 waliukuta una nguvu kuliko zamani! Wakatafuta sababu. Miaka mingi miguu ya watu waliokuja kupumzika kivulini ilikuwa imeukanyaga udongo ukawa mgumu, hewa na maji havikupita. Dhoruba ililegeza udongo. Tangu hapo watunzaji wa Kew hulegeza ardhi chini ya miti mizee kwa kupuliza hewa ya nguvu. Sasa tazameni chini ya miti ya uwanja wetu wa magari. Kila lori linataka kivuli, na kila lori linakifinyia udongo kile kivuli chenyewe. Halafu tunashangaa matawi makavu yanapoanguka.

Na sisi tuna taabu ya zaidi. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, mimi nikiwa mtoto wa shule ya msingi, mto wa moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Mwaka 2021, tarehe 22 Mei, ulishuka tena ukasimama kwenye kingo za mji. Watu wamerudi, wamevunja mawe kwa nyundo, wameleta udongo kwa chukudu, wamepanda miti juu ya lava. Mti wa namna hiyo mizizi yake hutambaa juu ya jiwe, haiendi chini. Ukiutazama ni mrefu na mzuri, lakini umesimama juu ya sahani. Mtu wa kuupunguzia uzito kwa ustadi anahitajika hapa kuliko London.

Baada ya ajali ile wengine walisema dawa ni rahisi: tuikate miti yote ya kambi, tumalize hatari. Nilisema hapana, na bado nasema hapana. Nyumba ya bati juu ya lava nyeusi saa nane mchana si mahali pa kulala mtu aliyefanya kazi usiku, na mtu asiyelala mchana ndiye anayeletwa kwangu kesho yake na kidole kilichosagwa. Mti pia unapunguza vumbi la barabara kwa watoto wenye kikohozi. Tena mti tuliosubiri miaka 20 juu ya jiwe hatutaupata kwa kuandika barua ya maombi. Ukiona paa la shimo linatoa mchanga hutalifunga shimo lote, utamwita fundi wa magogo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kampuni ichague vijana wawili miongoni mwa watunza bustani wetu na kuwapeleka wafundishwe katika bustani kama zile nilizozitaja. Safari ya Kisantu ni ndefu na ya gharama, najua, nchi hii ni pana. Entebbe ni karibu zaidi. Na kama vijana hawawezi kwenda, mwalimu na aje huku, akae wiki kadhaa, na miti yetu iwe darasa lake. Siku mbili hazitoshi. Katika siku mbili mtu anajifunza kuvaa mkanda tu, na kumfanya ajione fundi, jambo ambalo ni baya kuliko kutojua.

Kwa nini wawili? Anayefanya kazi juu kwa kamba akizimia, amepigwa na tawi au amejikata, anabaki ananing'inia kwenye mkanda. Damu hutuama miguuni, na dakika chache zinatosha kumwua hata kama jeraha lake ni dogo. Asubiriwe nani? Hapana wa kusubiriwa. Lazima chini awepo mwenzake aliyefundishwa vilevile, mwenye mkanda na kamba yake tayari, apande na kumshusha mara moja. Mkimpeleka mmoja kufundishwa, hamjampeleka mtu.

Mpaka siku hiyo ifike, nawaomba mambo machache ya nyumbani. Asipande mtu mti uliolowa, wala mti ambao waya wa umeme umeugusa au umepita karibu na matawi yake. Tawi bichi linapitisha umeme, na waya mnaodhani umekufa unaweza kurudishiwa moto wakati wowote. Hiyo ni kazi ya mafundi wa umeme. Watoto wakae mbali kuliko urefu wa mti wote, si urefu wa tawi. Na mama wanaookota kuni baada ya upepo, kabla ya kuinama tazameni juu kwanza: tawi lililovunjika likakwama katika matawi mengine hushuka bila kupiga hodi.

Na mtu akianguka, msimnyanyue! Hata akilia, hata akiwaomba. Msimkalishe, msimpe maji. Mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke, amwambie atulie. Mwingine akimbie kuniita. Kama damu inatoka sana mahali, pabanwe kwa nguuo safi. Kama ni lazima ahamishwe kwa sababu ya tawi jingine linalotaka kuanguka, leteni mlango au ubao mpana, mgeuzeni watu wanne kwa pamoja kama gogo, kichwa, mgongo na miguu vikienda safari moja, na anayeshika kichwa ndiye atoe amri. Jumamosi ijayo, baada ya kugawa dawa, nitaonyesha jambo hili mbele ya dispensari. Njooni na mlango mmoja wa zamani, mimi nitaleta mtu wa kulala chini.

Lile tawi la grevilea bado lipo, limekatwa nusu, limekauka. Sijamruhusu mtu kulimalizia, na tumelizungushia kamba chini asipite mtu. Nimemwandikia mkubwa wa usalama kuhusu vijana wawili, na katika barua hiyohiyo nimeomba kwamba kibarua wa siku moja akiumia ndani ya uzio wetu jina lake liandikwe katika daftari kama la mfanyakazi yeyote, na ubao wa getini urudi sifuri. Jibu likija nitawaandikia hapahapa.